Anayesoma Baada ya Kufunga

Katika msimbo wa programu ya Kibao, kwenye faili linaloshughulika na skrini, mstari wa mia mbili na kumi na nne, palikuwa na maelezo ya sentensi mbili yaliyoachwa na kaka yake: "Ukitoka, usifute. Kuna mtu anasoma baada ya kufunga." Kitinda aliyasoma mara mbili, akacheka kwa pua, akayafuta.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ofisi ilikuwa tupu, viti vimegeuzwa juu ya meza kwa ajili ya kupigwa deki, na yeye amejibanza dirishani na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Alikuwa binti wa mwisho, kitinda mimba wa nyumba ya watoto wawili, jina likamganda tangu utotoni, na sasa ana miaka thelathini na minne na bado hata majirani wanamwita Kitinda.

Kibao ni programu ya kuandikia. Hakina madirisha, hakina rangi rangi, hakina picha za mkasi na gundi juu; ni herufi tu kwenye skrini nyeusi, kwa watu wasiotaka mapambo kazini. Kaka yake ndiye aliyekianza, kikapendwa na watu mia chache waliotawanyika huku na huko, na alipopata kazi katika mji mwingine akamwachia mdogo wake funguo zote.

Programu ya namna hii ikifunguliwa, kitu cha kwanza inachofanya ni kuiambia skrini ibadili tabia. Kwa kawaida skrini hukungoja umalize mstari mzima ndipo iuchukue. Kibao hakiwezi kungoja, kinataka kila herufi papo hapo, kwa hiyo kinaiweka skrini katika hali yake chenyewe, na kikifungwa lazima kirudishe ile ya mwanzo. Kisiporudisha, umekwisha: unabonyeza herufi na huzioni, unabonyeza tena, unapiga meza. Kaka mtu alikuwa mkali kwa jambo hili kuliko yote. "Usiondoke hujaiweka skrini sawa," alikuwa akimwambia enzi za kumfundisha. "Anayekuja nyuma yako atadhani mashine imekufa."

Lakini skrini ina pia ukurasa wa pili, wa akiba, uliojificha nyuma ya huu unaouona. Programu nyingi huandikia huko nyuma. Ukizifunga, ukurasa wa mbele unarudi kama ulivyokuwa, kana kwamba hukuandika kitu. Kibao hakikuwa na adabu hiyo. Kiliandika mbele, peupe, na ukikifunga maneno yako ya mwisho yanabaki pale pale, yamekaa kama wageni wasiojua kuaga. Watumiaji walilalamika. Mmoja alimwandikia Kitinda: "Programu yenu ni nzuri, ila ikishakula haiondoi vyombo mezani."

Basi siku hiyo akaamua kuondoa vyombo. Mistari minane tu ilitosha: Kibao kikifunguliwa kihamie ukurasa wa nyuma, kikifungwa kirudi mbele. Akakijaribu kwenye mashine ya ofisini, akafungua, akaandika upuuzi, akafunga, skrini ikarudi safi. Akajaribu mara kumi. Akakiua makusudi katikati ya kazi, skrini bado ikarudi safi. Akalirusha toleo jipya kwa watumiaji wote, akajinyoosha mgongo, akasikia raha ambayo hakuwa ameisikia wiki nzima.

Sitasema alikuwa na nia mbaya. Nitasema tu kwamba alikuwa na hasira na kaka yake, na mtu mwenye hasira akipewa ufagio haangalii anafagia nini.

Unaweza kuuliza kama kweli hakujua. Maana nyumbani kwao, kila jioni, yeye mwenyewe alikuwa akisimama mbele ya skrini kama hiyo na kusoma yaliyobaki baada ya Kibao kufungwa. Alijua. Ila ofisini Kibao kilikuwa msimbo, na nyumbani kilikuwa sauti ya baba yake, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwake hata mara moja.

Baba yao alikuwa msoma prufu. Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye chumba kidogo cha kiwanda cha uchapaji, akisoma kurasa kabla hazijachapwa na kuwinda makosa kwa kalamu nyekundu. Wenzake walimwita Bwana Nukta, kwa kuwa nukta ikikosekana mwisho wa sentensi alikuwa akiinuka kitini, anamfuata mwandishi hadi mezani kwake, na kumwekea nukta hiyo mbele ya watu. Alikuwa na sharti moja ambalo hata meneja alilifuata. Ukurasa ulio mikononi mwake haukusomwa na mtu mwingine mpaka aufunge. Akishamaliza, anachora mstari chini, analaza kalamu, anasukuma karatasi mbele. Hapo ndipo unaruhusiwa. Waliomchungulia begani aliwafukuza.

Kiharusi kilipompata, kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Akili kilimwachia. Alikuwa anaelewa kila kitu, anakasirika kwa kila kitu, na kinywani hamtoki lolote ila sauti moja ya kooni ambayo yeye mwenyewe aliionea aibu, akaacha kuitoa.

Kaka mtu ndiye aliyepata wazo. Alileta kompyuta ya zamani, akaiweka kwenye meza ya dirishani chumbani kwa baba, akakiweka Kibao ndani yake. Vidole vya mkono wa kushoto viliweza kubonyeza herufi moja moja, polepole, kama kuku anayedonoa. Kubana vitufe viwili kwa pamoja ili kuhifadhi kazi havikuweza. Kwa hiyo kaka mtu akaagiza kwamba kitufe kimoja tu cha pembeni, juu kushoto, kitoshe kukifunga Kibao, na maneno yabaki kwenye skrini bila yeye kuyahifadhi. Bwana Nukta alielewa mara moja. Kile kitufe kilikuwa mstari wake wa chini. Aliandika, akasoma alichoandika, akarekebisha, akaweka nukta, kisha akabonyeza, akarudisha mkono mapajani. Ukurasa umefungwa, someni.

Na sharti lake lilirudi nalo. Alipokuwa akiandika, mtu asikaribie. Shangazi, dada yake aliyehamia pale kumtunza, alikuwa akimwacha na Kibao chake mchana kutwa, anaendelea na mambo yake jikoni. Shangazi macho yalikuwa yamechoka, herufi za skrini kwake zilikuwa sisimizi tu. Alingoja Kitinda arudi kazini. Kitinda akitua mkoba, Shangazi anaingia nyuma yake na kikombe mkononi, anauliza swali lile lile kila siku: "Haya, kasemaje leo?"

Na Kitinda anasoma kwa sauti. "Chumvi imezidi tangu Jumapili. Mimi ni mgonjwa, si samaki wa kukaushwa." Shangazi anacheka mpaka anashika ukuta. Au: "Gazeti la leo, ukurasa wa tatu, makosa saba. Nani anawasomea siku hizi?" Au: "Kitinda amekonda. Aulizwe." Baba mtu anakaa kitini anawatazama wakicheka, na upande mzima wa uso wake ule unaotii unatabasamu. Zilikuwa jioni nzuri. Kitinda hakujua wakati ule jinsi zilivyokuwa nzuri.

Ugomvi na kaka yake ulianzia kwenye simu. Kaka mtu alisema kule aliko kuna wataalamu wa viungo, kuna hospitali nzuri, kwa nini baba asihamie huko. Alisema kwa nia njema, lakini akaongeza kwamba "huko nyumbani mnajitahidi, ila hamuwezi." Neno hilo hamuwezi lilimchoma Kitinda hadi mfupani. Yeye aliyekuwa akimnyoa baba yake ndevu kila Jumapili, yeye aliyejifunza kumgeuza kitandani bila kumwumiza! Akamwambia kaka yake maneno ambayo sitayarudia yote. La mwisho lilikuwa kwamba asikanyage nyumba ile mpaka ajifunze kuomba radhi. Kaka mtu naye ana kichwa kigumu, damu ni moja. Hakukanyaga. Miezi minane.

Ndipo skrini ikaanza kusema kitu kimoja. "Mwite kaka yako." Kitinda akajifanya hajaona, akamsomea Shangazi habari za chumvi. Kesho yake: "Mwite kaka yako." Wiki mbili mfululizo, kila jioni, sentensi ile ile na nukta yake, wakati mwingine peke yake katikati ya skrini nzima.

Alhamisi ile Kitinda alirudi amechoka, mvua imemnyeshea, viatu vinalia maji. Akaingia chumbani, akakuta "Mwite kaka yako."

"Baba," akasema, "neno hili sitaki kuliona tena kwenye hii skrini. Umenisikia? Sitaki kuliona."

Baba yake alimtazama. Kitinda akatoka, akaufunga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Ijumaa mzee hakuandika kitu. Jumamosi Kitinda alikwenda ofisini asubuhi, ili tu asikae nyumbani, na huko ndiko alikoketi na msimbo wa kaka yake na kuona uchafu kila mahali.

Jumapili kompyuta ya chumbani kwa baba ilijivutia toleo jipya, kama ilivyozoea kufanya kila Jumapili. Kitinda mwenyewe ndiye aliyeipanga hivyo, zamani, asihangaike nayo.

Jumatatu jioni alitua mkoba, Shangazi akaingia na kikombe. "Haya, kasemaje leo?"

Kitinda akatazama. Skrini ilikuwa tupu, alama ya kungojea inapepesa juu kabisa kwenye pembe. "Hakuna kitu, Shangazi."

"Hakuna? Mbona kaandika karibu saa nzima. Nimemsikia mwenyewe, ta, ta, ta."

"Labda kafuta. Unamjua ndugu yako, akikosea herufi moja anafuta ukurasa mzima."

"Hilo kweli," Shangazi akasema, akaenda zake.

Na hapa ndipo penye kosa lenyewe, kama unataka kujua, si kwenye ile mistari minane. Msimbo hukosewa kila siku, unarekebishwa. Kitinda alisimama pale akamwona baba yake anamtazama kwa macho ya mtu anayengoja, na swali la kuuliza lilikuwa jepesi: Baba, umeandika nini? Baba angetikisa kichwa, angenyoosha kidole. Lakini skrini tupu ilikuwa skrini isiyo na "Mwite kaka yako", na Kitinda alifurahi. Hilo ndilo lililomtesa baadaye kuliko yote. Alifurahi, akamtengenezea mto, akaenda kula.

Jumanne ikawa vile vile, skrini tupu. Safari hii baba yake aliinua mkono wa kushoto, akaielekezea kidole skrini, akamtazama binti yake, akaielekezea tena.

Kitinda akadhani anaulizwa kuhusu mabadiliko. Akaona fahari kidogo, maana siku hizo mbili watumiaji walikuwa wamemwandikia kumpongeza. "Eeh, Baba, umeona?" akasema. "Nimekisafisha mimi. Sasa hakibakizi takataka. Si kimependeza?"

Mkono ulibaki hewani kidogo, kisha ukashuka, ukalala mapajani.

Jumatano Shangazi alisema ameandika kidogo tu, dakika chache. Alhamisi hakuandika. Ijumaa alikaa mbele ya kompyuta iliyozimwa akitazama nje ya dirisha, na tangu hapo hakukigusa tena Kibao. Kitinda alimpeleka kwa daktari. Daktari akammulika macho, akampapasa mikono, akasema huenda kiharusi kingine kidogo kimepita bila kuonekana, mara nyingi huwa hivyo, mtu anapoteza hamu. Kitinda akakubali. Akamwekea redio chumbani. Akamnunulia magazeti, na baba yake akayasoma, lakini makosa hakuyaonyesha kwa mtu.

Wiki ya nne, Jumanne saa nne asubuhi, Shangazi alimpigia simu ofisini. Hakusema mengi. "Njoo, mwanangu," akasema. "Njoo polepole tu, hakuna haja ya kukimbia."

Kaka mtu alifika siku hiyo hiyo jioni. Walikumbatiana mlangoni na ugomvi wa miezi minane ukawa kitu kisichojulikana kilikotoka. Hakuna aliyeomba radhi. Waliomba maji, waliomba viti, waliomba orodha ya watu wa kupigiwa simu. Baba yao akazikwa Alhamisi, na mzee mmoja wa kiwanda cha uchapaji akasimama kaburini akaeleza habari za nukta, watu wakacheka na kulia kwa pamoja.

Siku ya pili yake, mchana, wageni wamekwisha kuondoka na viti vya kuazima vimerudishwa, kaka mtu aliingia chumbani kwa baba, akakaa kwenye kiti chake dirishani. Kitinda alikuwa anakunja mashuka. Alimsikia anaiwasha kompyuta, akasikia vitufe, kisha kimya.

"Kitinda. Hebu njoo."

Akaenda na shuka mkononi.

"Nimemwandikia salamu," kaka yake akasema kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa akisema peke yake. "Mambo ya kijinga tu. Nimefunga, zimepotea. Tazama." Akafungua Kibao, akaandika Baba, akabonyeza kile kitufe cha pembeni. Skrini ikafutika, ikabaki ile alama inayopepesa. "Toleo gani hili?"

"Jipya," Kitinda akasema. "Nilikiweka ukurasa wa pili. Kinaandika huko nyuma, kikifungwa kinaru..."

Hakumaliza. Alikuwa akiisikia sauti yake mwenyewe inaeleza, na katikati ya maelezo akaelewa anaeleza nini. Shuka likamponyoka.

"Lini?" kaka yake akauliza.

"Mwezi uliopita. Jumamosi moja."

"Ule mstari wangu hukuuona? Niliandika kabisa, usifute."

"Niliuona."

"Sasa ulidhani anayesoma baada ya kufunga ni nani?"

"Sikufikiri, Kaka. Nilidhani ni maneno yako tu."

"Ni wewe," akasema. "Nilikuandikia wewe. Nani mwingine alikuwa akirudi jioni akasoma?"

Kitinda akakaa kitandani. Kaka yake alipoona rangi ya uso wake, akalegea. Alikuwa mkali kwa msimbo, si kwa watu wanaolia. Akamvutia kiti cha pili karibu na meza, akamkalisha. "Sikiliza," akasema, "hili ni kosa la kazi. Mimi mwenyewe ningeweza kulifanya. Nimefanya mabaya zaidi, hujui tu. Hukukusudia, na Baba alijua hukukusudia."

Kitinda akatikisa kichwa. Kaka yake hakuelewa anachokikataa.

"Na huenda hayakupotea," akaendelea, sasa ameamka, vidole vimerudi kwenye vitufe. "Zile nakala za dharura. Uliziacha?"

Aliziacha. Kila sekunde tano Kibao huweka nakala ya unachoandika kwenye folda iliyofichwa, kwa ajili ya umeme kukatika, na usipohifadhi kazi yako nakala ile inabaki huko milele. Kitinda aliijua folda hiyo. Alikuwa amepanga kuisafisha nayo, ila hakupata nafasi.

Kaka yake akaifungua. Ilikuwa na mamia ya faili, miezi na miezi ya chumvi na magazeti na "Mwite kaka yako". Akateremka hadi chini kabisa. Baada ya ile Jumapili zilikuwa tatu. Akafungua ya kwanza, ya Jumatatu, wakaisoma pamoja.

"Mwanangu, nilisikia ulichosema Alhamisi. Una haki, nimekuwa nikiamuru kama mtu wa kiwandani. Safari hii naomba. Nataka kuwaona wewe na kaka yako mmekaa pamoja hapa chumbani, hata mara moja. Sitawauliza kitu."

Kaka mtu akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akairudia sentensi ya kwanza, Kitinda aliona midomo yake inavyotembea.

"Alhamisi ulisema nini?"

Angeweza kusema hakumbuki. Mtu pekee aliyekuwapo amekwisha kuzikwa. Kaka yake alikuwa amekwisha kumsamehe, kwa kosa dogo, lenye jina, ambalo watu wa kazi yao husameheana kila siku. Alichotakiwa kufanya ni kuupokea tu ule msamaha na kukaa nao. Aliutazama mkono wa kaka yake uliokuwa bado begani kwake.

"Nilimwambia neno lile sitaki kuliona tena kwenye skrini," akasema. "La kukuita wewe. Nilimfokea. Sitaki kuliona tena, nilisema hivyo hivyo. Halafu Jumapili yake skrini ikaanza kumfutia."

Kaka yake akaitazama tena ile sentensi ya kwanza.

"Na aliponiuliza kwa kidole, nilimwambia nimekisafisha mimi. Nilijisifu, Kaka. Nikamwuliza kama kimependeza."

Mkono ukatoka begani. Haukutoka kwa hasira, ulitoka polepole, ukaenda kushika ukingo wa meza. Nje mtu alikuwa anavuta kitu kizito chenye magurudumu barabarani, wakamsikiliza mpaka akapita.

"Lakini hukufanya makusudi," kaka yake akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na nusu ya swali.

"Nimejiuliza tangu ulipofungua hiyo folda. Nilikuwa na hasira na wewe. Nilifuta maneno yako nikacheka. Sijui, Kaka. Makusudi hapana. Lakini Jumatatu nilipoona skrini tupu nilifurahi, na hilo nalijua vizuri."

Kaka mtu akafungua faili la Jumanne. Lilikuwa fupi. "Jana maneno yaliondoka nilipofunga. Kama mashine ni mbovu tafadhali itengeneze. Niliandika jambo la maana." Akaangalia kitambo, akafungua la Jumatano, la mwisho. Hakulisoma kwa sauti. Kitinda alilisoma mara moja akashindwa kulirudia, akatazama mikono yake.

Mlango ulisukumwa kwa kiwiko. Shangazi aliingia na vikombe viwili vya chai, akasimama alipowaona wamekaa viti viwili mbele ya meza ile, bega kwa bega, kwenye mwanga wa dirisha.

"Jamani," akasema, "mmekaa pamoja. Laiti angewaona."

Akaweka vikombe mezani, na alipoinama macho yake yaliyochoka yakakutana na ule weupe wa herufi kwenye skrini nyeusi. Hakuwa ameuona kwa mwezi mzima. Akasahau, kama mtu anavyosahau katika siku za mwanzo, na swali likamtoka lenyewe.

"Haya, kasemaje leo?"

Kisha akakumbuka, akajiziba mdomo. Kaka mtu akanyoosha mkono kuizima skrini. Kitinda akamzuia.

"Ngoja," akasema. "Ukurasa kaufunga. Ni kazi yangu."

Akasogeza kiti mbele. Akakohoa kusafisha koo, kama alivyokuwa akifanya kila jioni, akasoma kwa sauti ya kutosha kumfikia Shangazi aliyesimama nyuma yake, neno kwa neno, mpaka kwenye nukta.

"Nimeelewa, Kitinda. Sikujua kama nakuchosha kiasi hicho. Samahani, mwanangu. Sitaandika tena."